Mkalina wa Bibi Motrya na Vidole Vyangu

Jumamosi, 14 Machi

Mwalimu Vasylyna Petrivna, anayetufundisha biolojia, ametugawia daftari moja moja na kutuagiza tuchague kiumbe kimoja tukitazame mpaka vuli. Kanuni yake ni hii: "Andika kwanza ulichoona. Ulichodhani kifuate, na usivichanganye." Wenzangu wamechagua korongo, nyuki na mbuzi. Mimi nimechagua mkalina, mti wa matunda madogo mekundu yaitwayo kalina, ulio mbele ya dirisha letu.

Nilichoona: mti unaozidi lango kwa urefu, vijiti vitupu, shina lenye chokaa ya Pasaka iliyopita.

Nilichodhani: unakufa.

Mwaka juzi majani yake yalitobolewa. Mwaka jana yalibaki mishipa mitupu, na hakuna hata kishada kimoja cha matunda kilichoiva. Mkalina huu ulipandwa na mama yake Bibi Motrya alipokuja kuolewa hapa, na wanawake wote wa nyumba hii wameolewa kwa mkate wa harusi uliopambwa kwa matunda yake mekundu. Dada yangu Odarka amechumbiwa na Ostap, dereva wa trekta. Harusi ni baada ya sikukuu ya Pokrova, katikati ya Oktoba. Bibi ameshatamka kwamba mkate usio na kalina ya uani kwetu hataubariki.

Mama alijaribu kumwambia kuwa sokoni kalina zimejaa.

"Na wajukuu nao wanauzwa huko?" Bibi akamuuliza.

Mama akarudi kumenya viazi. Odarka akasema haraka kwamba kwake hata ya sokoni ni kalina tu.

Jumatatu, 16 Machi

Mwalimu ameniazima lenzi yake. Nimeitazama ncha ya kijiti kimoja. Upande wa chini kuna vitundu vimepangwa mstari mmoja, kama mishono ya cherehani, na kila kimoja kimefunikwa kifuniko kidogo cheusi. Nilikibandua kwa sindano. Ndani kulikuwa na mayai sita ya manjano.

Nilikipeleka kijiti shuleni. Mwalimu hakuhitaji kukitazama mara mbili. "Mbawakawa wa mikalina," alisema. "Jike hutaga wakati wa vuli, mayai hulala humo baridi yote, na majani yakichanua tu mabuu hutoka na njaa yao. Kata ncha zote zenye mishono kabla ya mwezi wa tano, uzichome moto. Mti ulioliwa miaka miwili mfululizo, wa tatu hauvuki."

Jumanne, 17 Machi

"Bibi, naomba mkasi wa kupogolea."

"Wa nini?"

"Mkalina una mayai ya wadudu kwenye ncha. Mwalimu amesema zikatwe."

"Huyo mwalimu wako ana binti anayeolewa?"

"Hapana, Bibi."

"Basi anyamaze. Msichana akishachumbiwa, chuma hakigusi mkalina wa kwao mpaka avuke lango akiwa mke wa mtu. Mama yangu alinikataza mimi, na mimi nakukataza wewe. Hao wadudu nitawapaka chokaa."

"Chokaa inaishia shinani, Bibi. Mayai yako juu."

"Na huko juu wanapandia wapi kama si shinani?"

Mbawakawa ana mabawa, lakini sikusema. Bibi alikuwa ameshika mwiko.

Jumamosi, 21 Machi

Siku nzima nimeliwaza neno chuma. Bibi alisema chuma. Hakusema vidole.

Vijiti vya mkalina hukatika kirahisi wakati huu, kabla maji ya mti hayajapanda. Nimevunja sitini na vitatu upande wa kisimani na kuvichoma jikoni. Kila kimoja nilikitazama kwanza kwa lenzi, nisije nikavunja kisicho na kosa.

Jumapili, 22 Machi

Themanini na vinane. Shangazi Paraska, jirani yetu, aliegemea uzio wake akinitazama huku akitafuna mbegu za alizeti. Yeye si shangazi yangu wa damu, lakini hapa kijijini hakuna asiyemwita hivyo.

"Ee Daktari! Unamkata mgonjwa kucha?"

"Ninatoa mayai ya wadudu, Shangazi. Hata mkalina wako unayo. Ukitaka nikuangalizie..."

"Wangu nimeumwagia majivu na tumbaku. Mdudu akija atapiga chafya afe." Akacheka mpaka maganda ya alizeti yakamtoka mdomoni.

Nilichodhani: huyu mama ana roho mbaya.

Jumanne, 24 Machi

Kucha mbili zimevunjika na kidole gumba kimepasuka. Nilikuwa nimemaliza upande wa kisimani, ndio kwanza ninaanza upande wa barabarani, Bibi akatokea nyuma yangu.

"Nani amekuruhusu?"

"Bibi, ulisema chuma. Sijashika chuma."

Aliitazama ndoo iliyojaa vijiti. Akanitazama vidole. Midomo yake ilitikisika, nikadhani atacheka. Hakucheka.

"Sasa nasema chuma na vidole. Na meno pia, maana wewe nakujua."

Kwa hiyo mkalina wetu una nusu mbili: nusu ya kisimani imesafishwa, nusu ya barabarani ina mayai yake yote.

Ijumaa, 27 Machi

Bibi hasemi nami. Akitaka kuniambia kitu humwambia paka. Leo mezani: "Murko, mwambie huyo binti mwenye ujanja wa wakili apitishe chumvi."

Nilimpa Murko chumvi. Mama alikohoa ndani ya leso yake.

Jumatano, 8 Aprili

Mvua. Hakuna jani.

Jumamosi, 18 Aprili

Mkesha wa Pasaka. Mtaa mzima umepaka miti chokaa, kila shina jeupe kama mguu uliofungwa bendeji. Bibi alipaka mkalina tabaka mbili. "Murko, uone," alisema kwa sauti ya kunifikia, "sasa aje huyo mdudu."

Jumanne, 5 Mei

Mkalina umechanua majani, na vichwa vya maua vimeanza kufunguka. Nimehesabu. Upande wa barabarani kuna arobaini na kimoja. Upande wa kisimani, nilikovunja ncha, kuna kumi na saba.

Odarka alikuja kusimama karibu nami, amebeba ndoo mbili za maji.

"Umenipunguzia maua, mdogo wangu," alisema.

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumamosi, 9 Mei

Mabuu yametoka. Ni madogo kuliko punje ya bizari, ya manjano yenye madoa meusi, yako chini ya majani ya upande wa barabarani. Upande wa kisimani nimepata matatu tu.

Jumatano, 13 Mei

Tundu, tundu, tundu.

Jumatatu, 18 Mei

Mtihani wa hesabu. Nilipata swali la tano kwa sababu lilihusu eneo la jani.

Jumamosi, 23 Mei

Leo nitaandika kirefu, kwa sababu sitaki kusahau hata kimoja.

Upande wa barabarani hauna majani tena, ni kimia. Ukisimama chini yake unaona mbingu kupitia kila jani. Maua yote arobaini na moja yameanguka. Mti unanuka, harufu nzito kama ya banda lisilofagiliwa, na wapita njia wanaziba pua. Mama yake Ostap alipita kwa baiskeli akitoka dukani. Hakusimama. Alipunguza mwendo, akatazama, akaendelea, na Odarka aliyekuwa dirishani akafunga pazia.

Upande wa kisimani ni wa kijani. Maua kumi na saba yamesimama meupe kama visahani. Lakini chakula cha upande ule kimekwisha, na mabuu yanahama. Niliyaona kwa macho yangu yakipita katikati ya mti, kwenye panda kubwa, mengine juu ya mengine, yakielekea huku.

Nilitandika shuka kuukuu chini, nikachukua ufito, nikagonga tawi moja moja. Yakaanguka kama mtama. Nikayakung'utia kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Nikarudia. Saa mbili baadaye yalikuwa yanapita tena.

"Daktari!" Shangazi Paraska aliita. "Umeshawahesabu? Wana majina?"

Nilipogeuka nilimwona Bibi mlangoni. Alikuwa anatazama nusu moja, kisha nyingine, kisha tena ya kwanza. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, mikono ndani ya aproni. Halafu akaingia ndani bila kumwambia paka neno lolote.

Nilichoona: mstari unaotenganisha nusu mbili uko palepale nilipokatazwa.

Nilichodhani: sitaki kuandika nilichodhani. Ningekuwa ninajisifu, na mti bado unaliwa.

Jumatatu, 25 Mei

Kabla ya shule, baada ya shule. Ndoo mbili.

Alhamisi, 28 Mei

Homa. Mama amenilaza karibu na jiko na kunipa chai ya maua ya mti wa mlindeni. Nimeomba nitoke nje. Amekataa.

Jumatatu, 1 Juni

Siku nne kitandani. Usiku sikulala kwa kuwaza ile panda ya katikati. Leo asubuhi nilipopata nguvu nilitoka nimejifunga shali, nimejiandaa kuona kimia kitupu.

Maua yalikuwepo. Yote kumi na saba, tena yameanza kumwaga petali, maana matunda yanajifunga. Chini ya mti palikuwa na shuka yangu, na ndoo imejaa mabuu yanayoelea.

Odarka alikuwa nyuma ya mti na ufito mkononi, nywele zimejaa vijani.

"Unaniangalia nini?" alisema. "Hiyo kazi yako inachosha mgongo. Ulikuwa unaifanyaje na mitihani?"

"Nilidhani hujali. Ulisema sokoni kalina ni kalina tu."

"Nilisema hivyo ili Mama asigombane na Bibi kwa ajili yangu." Akagonga tawi. "Shika upande huo wa shuka. Na jua kuwa nikiwaza wadudu siku ya harusi yangu, ni kosa lako."

Jumamosi, 6 Juni

Asubuhi hii tulikuwa tunamenya mbaazi barazani, Bibi na mimi, yeye akizungumza na Murko. Ghafla akanyamaza. Alikuwa anatazama shina la mkalina. Juu ya chokaa yake nyeupe, ile ya tabaka mbili, kulikuwa na mistari myeusi inayoteremka. Mabuu yameshiba. Yanashuka kuingia udongoni yakageuke mbawakawa. Kwenye gome tupu nisingeyaona. Kwenye chokaa yalionekana moja moja, kama maandishi.

Bibi aliinuka, mbaazi zikamwagika.

"Yaryna," alisema.

Siku sabini na nne bila kuniita! Nilisimama wima kama niko darasani.

"Wanakwenda wapi hao?"

"Udongoni, Bibi. Chini ya mti, karibu sana na juu. Watatoka mwezi wa saba wakiwa na mabawa."

"Na kuku wanaweza kuwala?"

"Mwalimu anasema ndege huwala."

"Sasa unasimama nini? Lete kuku! Wote! Na lile jogoo vivu pia!"

Tulizungushia mkalina uzio wa fito na kuwaingiza kuku kumi na wanne. Bibi mwenyewe alipalia udongo kwa jembe ili walaji wasihangaike. Shangazi Paraska alipochungulia, Bibi alimwahi.

"Unacheka nini, Paraska? Chokaa yangu inafanya kazi. Inawaonyesha!"

Ni kweli, nimeiandika kama ilivyo.

Jumapili, 28 Juni

Upande wa barabarani unachipua majani mapya, madogo, mekundu pembeni. Mti haufi. Haufi!

Jumapili, 12 Julai

Mvua ya mawe, dakika kumi. Vishada vitano vimeanguka. Vimebaki kumi na viwili. Bibi anasema mkate unahitaji vitano: kimoja katikati, vinne pembeni.

Jumapili, 19 Julai

Mbawakawa wa kahawia, wadogo kama punje ya ngano. Kwetu nimehesabu saba tu, kazi ya kuku. Lakini alasiri nilikaa kisimani na kuona wengine wanakuja kwa mabawa kutoka juu ya uzio wa Shangazi Paraska. Mkalina wake, pamoja na majivu na tumbaku, ni mifupa.

Nilienda kubisha kwake, na maneno nimeyapanga: kwamba wadudu wake wanatula sisi, kwamba nilimwonya mapema.

Nilimkuta ameketi chini ya mti ule mkavu na kisu cha jikoni, hafanyi chochote.

"Haya, Daktari, sema," alisema bila kuinua uso. "Sema nilikucheka. Mti huu niliupanda siku mwanangu Petro alipokwenda jeshini. Anarudi mwezi wa kumi. Nilitaka akifika akute kishada mezani. Nikiukata nitamwambia nini?"

Niliinama nikakuna gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na ubichi.

"Uko hai, Shangazi. Wetu ulikuwa hivi mwaka jana. Una shuka kuukuu?"

Alinitazama, akapangusa pua kwa mkono. "Ninayo ya maua mekundu. Wadudu watajiona wako harusini."

Wadudu huwa wazito alfajiri, kabla jua halijawapasha moto. Tumekubaliana saa kumi na moja, kila siku, kwanza kwake, kisha kwetu.

Jumapili, 2 Agosti

Saa kumi na moja. Umande. Bibi amekuja na kigoda chake, anagonga matawi kwa fimbo yake ya kutembelea na kuwaita wadudu majina ambayo siruhusiwi kuandika. Shangazi Paraska anayajua mengi zaidi.

Jumatatu, 17 Agosti

Kishada kimoja kimeliwa vikonyo, kimedondoka. Kumi na kimoja.

Jumanne, 1 Septemba

Shule imefunguliwa. Mwalimu alisoma daftari langu kimya, ukurasa hadi ukurasa, wenzangu wote wakingoja. Alipofika tarehe 23 Mei alivua miwani.

"Hukuandika ulichodhani," alisema.

"Hapana, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Niliogopa ningechanganya."

Aliandika kitu pembeni. Nilipofika nyumbani ndipo nikakisoma: Huyu anaona.

Jumapili, 20 Septemba

Vishada vimekuwa vyekundu! Ndege wamekula viwili. Vimebaki tisa, vizito, vinaning'inia juu ya kisima.

Ijumaa, 16 Oktoba

Jana usiku jalidi ilianguka, na kalina ikipigwa na jalidi uchungu wake hupungua. Leo wanawake walikuja kuoka mkate wa harusi wakiimba. Bibi aliniita nje.

"Wewe ndiye utakayechuma. Kwa mkono."

Nilipanda kigoda. Nilipovuta tawi la kwanza karibu na uso niliiona: mishono. Mipya, michache, mistari miwili kwenye ncha moja, mmoja kwenye nyingine. Baadhi ya wadudu walituponyoka wakataga. Niliwaza kunyamaza, kwa kuwa ilikuwa siku njema na mkono wa Bibi ulikuwa umeshika kikapu. Lakini nimefundishwa kusema ninachokiona.

"Bibi, wametaga tena."

Wanawake waliokuwa mlangoni wakaacha kuimba. Bibi alisogea, akavaa miwani, akaomba lenzi. Ni mara ya kwanza kuitumia. Aliitazama ncha ile kwa muda.

"Kumbe ni kama mishono kweli," alisema. Kisha: "Chuma matunda. Hayo mengine niachie mimi."

Vitano vimekwenda kwenye mkate. Kimoja ni cha taji la Odarka, kimoja cha kofia ya Ostap. Cha nane nilimpelekea Shangazi Paraska. Alikifunga kwa kitambaa alichokitarizi mwenyewe na hakutania hata kidogo. Cha tisa kiko dirishani kwangu.

Jumapili, 18 Oktoba

Harusi ilikuwa jana. Naandika leo kwa sababu jana mikono haikupata nafasi.

Mkate uliletwa juu ya kitambaa kilichotariziwa, umepanda kama mnara, na matunda yaling'aa hadi nyuma ya ukumbi. Mama yake Ostap aliinama akayatazama kwa karibu.

"Haya ni ya ule mti?" aliuliza. "Ule niliouona mwezi wa tano?"

"Ndio uleule," Bibi alimjibu, shingo imenyooka. "Una daktari wake."

Akaubariki mkate kwa sauti ya kusikika mtaa wa pili, na Odarka akalia, na Mama akalia, na mimi nikajitahidi.

Alasiri ikafika saa ya kumsindikiza bibi harusi. Mpiga kodiani alitangulia, watu wakapiga makofi, Odarka akapita langoni ameshikwa mkono na Ostap. Unyayo wake wa pili ulipogusa barabara, Bibi aliingiza mkono ndani ya aproni yake ya sherehe akatoa mkasi wa kupogolea. Mkubwa, wa chuma, umenolewa na kupakwa mafuta. Alikuwa nao kanisani! Alikuwa nao mezani, chini ya chakula chote kile!

"Ameshavuka!" alipaza sauti. "Yaryna! Nionyeshe pa kuanzia!"

Muziki ulikatika. Odarka aligeuka barabarani, akaona, akacheka mpaka taji likamkalia upande. Nilishika tawi la kwanza na kumwonyesha mishono. Bibi akakata. Ncha ikaanguka.

"Na hapa?"

"Na hapo, Bibi. Na hiyo ya juu."

Shangazi Paraska alikuja mbio na kisu chake, nyuma yake kijana mrefu mwenye sare ya jeshi, ndiye Petro, amebeba ngazi. Mwalimu Vasylyna Petrivna alivua koti. Wageni waliokuwa na visu vya mfukoni wakavitoa, na mpiga kodiani, kwa kuwa hakuna aliyemwambia aache, akaanza kupiga wimbo wa kucheza. Tulimaliza upande wa kisimani, tukamaliza upande wa barabarani, tukaruka uzio tukaenda kwa Shangazi Paraska. Kisha mtu akasema hata kwao upo mkalina, na mwingine naye kwao upo.

Vijiti vilichomwa uani kabla jua halijazama. Bibi alisimama kando ya moto, uso mwekundu, akanikabidhi mkasi.

"Ni wako," alisema. "Mimi macho yamechoka. Na hivyo vidole utavihitaji kwa mengine."

Paka Murko alikuwa miguuni pake, akingoja kuambiwa kitu. Bibi hakumwambia.

Nilichoona: mikalina kumi na mmoja imekatwa ncha katika mtaa wetu, kwa chuma, siku ya harusi.

Nilichodhani: mwakani itazaa.